Mtutu, Kasiba na Mdomo: Lugha ya Kuambatanisha Mitutu ya Bunduki

Mtu anayetafuta katika kamusi za Kiswahili jina la ile sehemu ya bunduki inayopitisha risasi hukutana na maneno matatu: mtutu, kasiba na mdomo. Mara nyingi neno moja huelezwa kwa msaada wa jingine, na msomaji huondoka akiamini kwamba yote matatu ni mamoja. Katika mazungumzo ya kila siku imani hiyo haileti madhara. Askari akiamriwa aelekeze mdomo wa bunduki chini, au mtutu wa bunduki chini, atafanya jambo lile lile. Lakini iko bunduki moja isiyoelezeka hata kidogo iwapo maneno hayo yatachukuliwa kuwa sawa, nayo ni bunduki ya marisau yenye mitutu miwili. Marisau ni vile vipande vidogo vya risasi, mfano wa punje za mtama, vinavyotoka kwa wingi katika mfyatuo mmoja. Bunduki yake wengine siku hizi huiita shotgani.

Makala hii inaeleza jinsi mitutu hiyo miwili inavyoshikamanishwa na kuelekezwa, kwa kadiri inavyomhusu mtu wa lugha, ili kuonyesha kwamba kazi yenyewe ya mafundi inadai maneno hayo matatu yatenganishwe. Vipimo na hatua za karakana havimo, kwani kinachochunguzwa hapa ni maneno. Isitoshe, kuunda silaha bila idhini ni kosa la jinai katika Kenya. Suala la mahakama litarudiwa baadaye, maana huko ndiko ulegevu wa istilahi unakoweza kumfunga mtu au kumwachilia.

JINSI BUNDUKI ILIVYOPATA MAJINA

Waswahili hawakuipa bunduki majina kwa njia moja. Neno bunduki lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako lilikuwa kwanza jina la aina ya kokwa iliyojulikana na Wayunani wa kale kuwa kokwa ya Ponto, yaani ya pwani ya Bahari Nyeusi. Baadaye likawa jina la vidonge vilivyorushwa kwa upinde, na mwisho likawa jina la silaha ya baruti. Hapa silaha imeitwa kwa kitu inachokirusha. Mzinga, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu lenye maana ya gogo lililochimbwa likawa wazi ndani, kama mzinga wa nyuki. Silaha kubwa ya baruti ilipofika ilionekana kuwa gogo la namna hiyo hiyo, ila ni la chuma au shaba. Hapa silaha imeitwa kwa uwazi wake.

Njia ya tatu ilikuwa kuangalia moto unakotoka. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi, na mrao ndio utambi wenyewe. Bunduki ya gumegume ilitoa cheche kwa jiwe. Bunduki ya fataki ilikuja katika karne ya 19, ikiwa na kile kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa. Ni dhahiri kwamba maneno haya matatu, yakipangwa kwa mfuatano, ni historia fupi ya silaha za baruti duniani, na mwanafunzi wa lugha anaweza kuisoma bila kufungua kitabu cha historia. Juu ya hayo yako gobori na korofindo, majina ya jumla ya bunduki zilizoshindiliwa kwa mdomoni kwa kutumia mdeki. Kumbukumbu ya kushindilia imebaki pia katika neno kiasi, ambalo kwa wawindaji wa zamani lilikuwa jina la risasi kamili yenye baruti yake ndani. Hapo kwanza kiasi kilikuwa kipimo cha baruti alichokikadiria mtu kwa mkono wake. Kipimo hicho kilipokuja kufungwa kiwandani ndani ya ganda, jina lilibaki lile lile.

Kuna sababu ya kisiasa kwa nini gumegume na gobori zilidumu muda mrefu vinywani mwa watu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, lakini uliacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba. Wakati Ulaya ilikwisha kuzitupa bunduki za kushindilia, Mwafrika aliruhusiwa hizo tu, na katika Vita vya Majimaji, mwaka 1905 hadi 1907, wapiganaji waliokuwa na bunduki walikabili bombom za Wajerumani wakiwa na silaha ambazo majina yake yalikuwa yamekwisha kuwa ya kale kwingineko. Neno bombom, kwa njia, ni mwigo wa sauti, na jina la utani la Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, husemwa na baadhi kuwa ni la namna hiyo hiyo, likiiga mlio wa bunduki zake, ingawa wengine walilihusisha na kupepesa kwake macho.

Bunduki yenye mitutu miwili haikupewa jina kwa njia yoyote kati ya hizo. Haikuitwa kwa kitu inachokirusha, wala kwa moto wake, wala kwa mlio. Ilihesabiwa. Ikawa bunduki ya midomo miwili, au ya kasiba mbili, au ya mitutu miwili, kutegemea msemaji alianza kuitazama wapi.

MANENO MATATU

Anayesema midomo miwili ameitazama bunduki kwa mbele, na pengine kwa hofu. Mdomo katika Kiswahili ni mahali uwazi unapokomea: mdomo wa chupa, mdomo wa mtungi. Mdomo hauna urefu. Hakuna asemaye kwamba mdomo wa mtungi ni mrefu akakusudia kina chake.

Kasiba imetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni tete au mwanzi. Waarabu walilipanua neno hilo mpaka likawa pia jina la koo la kupitishia pumzi. Kiswahili kimefanya jambo kama hilo kwa neno lake chenyewe, maana tundu la pua huitwa mwanzi wa pua. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mwanzi bila uwazi wake ni fimbo tu. Kasiba basi ni njia, ina urefu na ina upana, lakini haina nje.

Mtutu una nje. Ni kile chuma chenyewe, ambacho mtu hukishika, hukipaka mafuta, na ambacho hupata kutu. Ndiyo maana katika usemi wa kisiasa ni mtutu uliochaguliwa kusimama mahali pa silaha nzima. Husemwa kwamba fulani ametwaa madaraka kwa mtutu wa bunduki, wala haisemwi kwa kasiba ya bunduki. Sehemu imekuwa jina la kitu kizima, na mbinu hiyo ya lugha ni nzuri katika hotuba lakini ina hatari yake katika hesabu. Mtu akisema kwamba mwindaji alikutwa na mitutu miwili, je, amesema bunduki moja au mbili?

Kwa muhtasari wa fundi, mtutu ni chuma, kasiba ni uwazi uliomo ndani ya chuma hicho, na mdomo ni mahali uwazi huo unapokutana na hewa ya nje. Mgawanyo huu haukubuniwa hapa. Umo katika asili ya maneno yenyewe, na kilichopungua ni kamusi kuukiri. Ushahidi mmoja unatosha. Bunduki ya marisau iliyo mashuhuri kuliko zote huitwa ya 12, na watu wengi hudhani ni kipimo cha urefu au cha uzito wa silaha. Ukweli ni kwamba paundi moja ya risasi ikigawanywa tufe 12 zilizo sawa, tufe moja huenea barabara ndani ya kasiba, ambayo upana wake ni kama milimita 18.5. Kwa hiyo bunduki ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12, jambo linalowashangaza wanaosikia kwa mara ya kwanza. Kipimo hicho ni cha kasiba peke yake. Mtutu unaweza kuwa mnene au mwembamba, na namba isibadilike.

KAZI YA MAFUNDI

Bunduki zenye mitutu miwili ya ubavuni zilistawi katika Ufaransa na Uingereza katika karne ya 18, zingali za gumegume. Huko London jina la Joseph Manton, aliyefariki mwaka 1835, lilikuwa kubwa miongoni mwa mafundi walioifikisha kazi hiyo kilele chake. Mfaransa Casimir Lefaucheux alileta bunduki iliyokunjika katikati ili kiasi kiingizwe kwa nyuma, na bunduki za namna yake zilipoonyeshwa London mwaka 1851 mafundi wa Kiingereza walianza kuacha mdeki. Mwaka 1875 Birmingham ikatoa mtambo wa Anson na Deeley, ambao bunduki nyingi za marisau zimeufuata tangu hapo. Kufikia hapo sura ya bunduki hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa, na tatizo lake kubwa lilikuwa lile lile la tangu mwanzo: mitutu miwili haina budi kupiga mahali pamoja.

Mtu asiyezoea atasema kwamba jambo hili ni rahisi: mitutu ilazwe ubavu kwa ubavu, inyooshwe, ishikamanishwe, basi. Hapa ndipo mtutu na kasiba vinapoachana. Mtutu ni mnene upande wa nyuma, ambako baruti hulipuka kwa nguvu, na huwa mwembamba kadiri unavyoelekea mdomoni. Mitutu miwili ya namna hiyo ikigusana kwa nje toka mwanzo hadi mwisho, kasiba zilizomo ndani hazitakuwa na mwelekeo mmoja. Zimetengana kwa zaidi ya sentimita mbili nyuma na zinakaribiana mbele. Kwa jicho la mtu aliye nje vyuma vinakwenda pamoja, kumbe njia zilizomo ndani zinaelekea kukatana. Anayetumia neno moja kwa vyote viwili hawezi kuutamka ukweli huu bila kujipinga mwenyewe.

Wala tatizo haliishi hapo. Kila mtutu uko kando ya mstari wa katikati wa bunduki. Mtutu wa kulia ukifyatuliwa, bunduki hurudi nyuma na papo hapo hugeuka kidogo kuelekea kulia, kabla marisau hayajatoka mdomoni. Wa kushoto nao huivuta kushoto. Kama kasiba mbili zingeelekezwa sawasawa kama reli za garimoshi, marisau ya kila upande yangepotea upande wake. Ndiyo sababu mafundi huzielekeza kasiba zikutane mbele, ili kule kukutana kusahihishe kule kugeuka, na mafungu mawili ya marisau yaangukie mahali pamoja katika umbali wa mazoea, ambao kwa mapokeo ya Waingereza ni yadi 40, kama mita 36 na nusu.

Kiasi gani zikutane ni jambo ambalo rula peke yake haiwezi kuliamua, kwa kuwa uzito wa bunduki, nguvu ya baruti na urefu wa mitutu vyote vina sauti. Katika bunduki zenye mitutu miwili za kupigia tembo, ambazo hazirushi marisau bali risasi moja moja, ustadi huu ulifikia ukali wa ajabu. Fundi wa London hufyatua, hutazama tundu katika shabaha, hurekebisha vidomo, hufyatua tena, na kazi hiyo hurudiwa mpaka mitutu ipatane. Bei ya bunduki hizo ilitokana kwa sehemu kubwa na kurudiarudia huko. Zilifika Afrika ya Mashariki katika mizigo ya wawindaji wa kikoloni, zikabebwa mabegani na wapagazi.

VITENZI

Lugha iliyo na vitenzi vya kazi hii haina haja ya kuazima, lakini yafaa ichague. Kitenzi kinachokuja haraka ni kuunga. Mtu huunga kamba iliyokatika, na mfupa uliovunjika huungwa. Katika mifano hii ncha hukutana na ncha, na kitu hurudia urefu wake au huongezeka urefu. Kwa hiyo kuunga mitutu miwili, kwa msikilizaji makini, ni kuirefusha bunduki. Kuunganisha ni bora kidogo, kwa vile mnyambuliko wa kutendana umeingia kati na kuonyesha kwamba vitu viwili vilivyo sawa vinafanyiana jambo, ila hausemi vimekaaje. Kuambatanisha ndicho kitenzi kinachofaa. Shina lake ni ambata, kushika kwa ubavu kama mtambaazi unavyoushika mti, na minyambuliko yake miwili hueleza hatua mbili za kazi: vitu vimeambatana, na yuko aliyevifanya viambatane.

Utaratibu huo huo unatoa neno la kuelekeza. Kuta, kutana, kutanisha: fundi huzikutanisha kasiba. Kunyoosha hakufai hapa, maana hunyooshwa kilichopinda, na kasiba hizi hazikupinda. Kusawazisha kuna neno sawa ndani yake, na usawa ndio unaoepukwa. Kulinganisha kulikuwa na maana ya kufanya vitu vilingane, lakini leo kwa wasomaji wengi ni kutafuta tofauti na mfanano wa vitu, hasa katika karatasi za mitihani, na neno lililochoshwa hivyo halifai kupewa mzigo mpya.

Gumu zaidi ni sambamba. Kwa asili yake ni kielezi cha vitu vinavyokwenda pamoja ubavu kwa ubavu, kama watu wawili njiani au majahazi mawili baharini. Kwa maana hiyo mitutu sambamba ni kauli safi. Lakini vitabu vya hisabati vya shule za msingi za Tanzania vililichukua neno hili kuwa istilahi ya mistari isiyokutana hata ikirefushwa vipi, na uchaguzi huo ulikuwa mwema. Matokeo yake ni kwamba mfasiri anayeandika bunduki ya mitutu sambamba amesema kweli kwa msemaji wa pwani na amesema uwongo kwa mwanafunzi wa darasa la sita. Istilahi ikishaingia darasani haitoki tena, na hakuna busara kushindana nayo. Bunduki hii na iitwe ya mitutu ya ubavuni, au ya mitutu pacha. Ile nyingine, ambayo mtutu mmoja umekaa juu ya mwenziwe, ambayo John Browning aliisanifu mwishoni mwa maisha yake na ambayo kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, kiliitoa baada ya kifo chake cha mwaka 1926, inafaa kuitwa ya mitutu iliyopandana. Hiyo ina tatizo lake la kukutanisha kasiba, lakini kwa wima.

Kati ya mitutu ya ubavuni hubaki bonde juu na bonde chini, na mafundi huliziba kila moja kwa ukanda mwembamba wa chuma ambao pia huongoza jicho la mlengaji. Waingereza huuita kwa jina la mfupa wa ubavu. Mfasiri wa haraka ataandika ubavu, na atakuwa amekosea mara mbili, kwa kuwa ubavu kwa Mswahili uko kando, na ukanda huu uko katikati, umefuata mgongo wa bunduki toka nyuma hadi mbele. Uti ndilo neno lake: uti wa juu na uti wa chini. Wajenzi wa majahazi wangeweza kudai kwamba wa chini ni mkuku, kwa jinsi unavyolala chini ya chombo, na dai hilo lina ladha yake, ingawa litawapa kazi watu wa bara.

Kinachoshikamanisha vyote hivyo ni lehemu, neno jingine lililotoka Uarabuni, ambalo shina lake ni lile lile la nyama, kana kwamba metali mbili zimeota nyama moja. Kulehemu si kuchomelea. Katika kulehemu metali laini huyeyushwa kati ya vyuma viwili ambavyo vyenyewe haviyeyuki, na katika kuchomelea vyuma vyenyewe huyeyuka vikawa kitu kimoja. Mafundi wa jua kali katika Nairobi hutofautisha mambo haya mawili bila shida. Waandishi wa magazeti huyachanganya kila siku.

BOMBA LIKIITWA MTUTU

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inapofafanua silaha inayohusika, huutegemea mtutu: ni silaha ya kuua yenye mtutu, ambayo risasi au kitu kingine chaweza kurushwa kwayo. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, lakini mashahidi wengi hutoa ushahidi kwa Kiswahili, na mkalimani hana muda wa kupekua kamusi. Hebu ifikiriwe kesi ya mtu aliyekutwa na mabomba mawili ya chuma yaliyochomelewa ubavu kwa ubavu. Shahidi akisema mabomba, amezungumzia vifaa vya maji. Akisema mitutu, amekwisha kutoa hukumu, kwa maana mtutu ni wa bunduki na haupo usipokuwa wa bunduki. Akisema bunduki mbili, ameongeza shtaka. Akisema bunduki ya midomo miwili, amesema silaha moja. Mkalimani mmoja, kwa neno moja, anaweza kuyabadili haya yote bila nia mbaya wala rushwa.

Jina la silaha za namna hiyo nalo halijatulia. Huko Tanzania gobori, au gobore, lililokuwa jina la bunduki ya kushindilia iliyotoka ng'ambo, limehamia kwenye bunduki inayofuliwa na mhunzi wa kijijini, na polisi hulitumia kwa maana hiyo. Uhamaji huo ni wa kawaida, kwa kuwa kitu cha kigeni kilipoadimika jina lake lilishuka kwa mwigo wake. Kenya imependelea maelezo marefu, na mara nyingine husikika bunduki iliyotengenezwa nyumbani, kauli iliyochukuliwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ambayo humfanya msikilizaji aone jiko na mafiga. Bunduki ya kujiundia ni Kiswahili. Lisilofaa kabisa kuchanganywa nalo ni bunduki bandia, kwa sababu bandia ni mfano usioua, ilhali ya kujiundia huua, na mara nyingi humwanza aliyeishika.

Jambo hili la mwisho lina maelezo yake, na yanarudi kwenye bomba na mtutu. Mtutu wa kiwandani hujaribiwa kwa baruti yenye nguvu kupita ya kawaida kabla haujauzwa, na hupigwa muhuri. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipata hati yake mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham iliundwa kwa sheria ya mwaka 1813. Kwa karne nyingi Ulaya imekataa kukiita kitu mtutu wa kuuzwa mpaka kipasuke au kishinde mbele ya mashahidi. Bomba halikupita huko. Lilifanywa kwa ajili ya maji au kiti, na kishindo cha baruti si kishindo cha maji. Pale mabomba mawili yanapochomelewa pamoja hatari huongezeka, maana joto la kuchomelea huubadili uimara wa chuma na kuipinda njia iliyomo ndani, na udhaifu wa moja unakaa kando ya uso wa mtu hata anapofyatua jingine. Wala hakuna kukutanisha kasiba hapo, kwa kuwa anayechomelea anaona nje tu. Huko Karamoja, Uganda, wafugaji waliwahi kujitengenezea bunduki kwa mabomba ya chuma, mpaka ghala la silaha la Moroto lilipovunjwa mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, na bunduki za kiwandani zikawafikia kwa wingi.

Mwaka 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, na kati ya waliyoahidiana ni kutia silaha alama na kuweka kumbukumbu zake. Daftari la namna hiyo likiandikwa kwa Kiswahili, litahitaji safu mbili zisizochanganywa, moja ya idadi ya silaha na nyingine ya idadi ya mitutu. Karani atakayeandika mitutu 2 katika safu ya kwanza, kwa kufuata usemi wa hotuba za kisiasa, atakuwa ameizalia nchi bunduki isiyokuwapo, na siku ya ukaguzi atatafutwa mtu aliyeificha.